Namba Iliyomezwa

Ukikutana na Mzee Kinyaa usimpe mkono kabla hujanawa. Atautazama, atakutazama usoni, atasema "tumeshasalimiana bwana," kisha apite zake. Si maringo hata kidogo. Ni kazi iliyomharibu. Watu wengine wanadhani simu ni sauti. Yeye anajua simu ni mate. Amefungua mikonga ya simu tangu ujana wake, na humo ndani ameona mambo: makombo, ugoro, rangi ya midomo iliyogandamana, na utando fulani wa kijivu ambao mpaka leo hajaupatia jina. Ndiyo maana mfuko wa koti lake la kazi haukosi chupa ndogo ya spiriti na bonge la pamba. Kabla hajaweka simu yoyote sikioni ataifuta, ataifuta tena, atainusa, ndipo aseme halo.

Kiwanda kizima kikampachika jina hilo, naye wala hakununa. "Afadhali mimi ninayeona kinyaa," huwaambia. "Nyinyi mnameza kila kitu."

Kiwanda chenyewe ni cha sabuni. Sabuni inayotoka getini inanukia maua, imefungwa karatasi yenye picha ya mwanamke anayecheka. Nenda nyuma sasa, kwenye matangi, mafuta ya mifupa yanakochemka! Harufu yake inakushika koo tangu kona ya barabara, inaingia kwenye nywele, inaingia kwenye mkate uliouficha kabatini. Na kati ya nyuma na getini kuna chumba cha kukatia, ambako wanawake wanaishika miche ya sabuni ikiwa bado ina magadi makali. Humo glavu zimetoboka, na feni ya kuvuta hewa imekufa, kazi yake iliyobaki ni kulaza njiwa.

Katika chumba hicho ndimo alimofanya kazi mpwa wake, binti wa kwanza wa dada yake. Walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Mzee Kinyaa hakujaliwa mtoto, na huyu Chiriku ndiye aliyekuwa akikaa mapajani mwake akiwa mdogo, akibonyeza simu mbovu na kuwapigia watu wasiokuwepo. Alimpenda, na hakuona haya kusema hivyo.

Baba yake Chiriku, yaani shemeji yake Mzee Kinyaa, naye alikuwa fundi simu hapo hapo. Walikaa karakana moja, viti viwili, birika moja, ugomvi wa kila asubuhi juu ya nani kaficha koleo. Halafu shemeji akapandishwa cheo, akawa Mkuu wa Mitambo, akapewa ofisi yenye mlango na funguo, na nywila ya kubadilisha mipangilio ikawa yake peke yake. Mzee Kinyaa akabaki na ruhusa ya kutazama tu. Hakumwonea kijicho. Kilichomkera ni kwamba tangu siku hiyo shemeji alianza kucheka vichekesho vya Meneja Utumishi kabla havijaisha.

Sasa ujue kidogo habari ya ruta ya simu, maana bila hiyo hutaona uchafu uko wapi. Ni kisanduku cheusi chenye vitaa vya kijani, kimekaa chumba cha mitambo. Ukibonyeza namba popote kiwandani, inafikia hapo kwanza. Ruta haimjui meneja wala mfagiaji. Ina kanuni zake, na kila kanuni ina namba yake: nyingine kamili, nyingine ina nukta mahali pa tarakimu yoyote itakayokuja. Inalinganisha ulichobonyeza na kanuni zote, na kanuni inayofanana nacho kwa tarakimu nyingi zaidi ndiyo inayoshinda. Kanuni ya "sifuri, halafu chochote" inapeleka simu nje ya kiwanda. Lakini mtu akiandika nyingine yenye namba moja kamili, tangu sifuri mpaka tarakimu ya mwisho, hiyo itaipiku ile pana kila mara, bila kubishana.

Ina tabia nyingine pia. Tarakimu zilizoandikwa waziwazi kwenye kanuni, inazimeza. Inazopeleka mbele ni zile tu zilizoangukia kwenye nukta. Kwa ile sifuri ya kutokea ni sawa, nje haina kazi. Lakini walipoandika kanuni ya zimamoto, namba kamili bila nukta hata moja, ruta ikaimeza yote, ikafungua laini ya nje na kupeleka kimya. Wakagundua siku ya majaribio, mkubwa wa zimamoto amesimama pale na kofia yake, kila mtu ametega sikio, na simu haiiti. Jasho! Shemeji ndiye aliyetambua kasoro. Akaongeza amri ya kupeleka tarakimu zote, simu ikaita, na wiki nzima akatamba karakana nzima: "Ukimwandikia namba kamili, mwambie apeleke zote, la sivyo atakula mpaka sahani!" Wakacheka wote wawili mpaka chai ikamwagika.

Basi. Nje ya ukumbi wa chakula kuna simu ya ukutani, na juu yake maandishi ya rangi nyekundu: OFISI YA KAZI, MALALAMIKO YA WAFANYAKAZI, PIGA 0 KISHA 5522. Sheria ndiyo iliyoyataka yawepo. Na kwa kuwa simu za mkononi zinaachwa getini mpaka mtu atoke, hiyo ya ukutani ndiyo njia pekee aliyonayo mfanyakazi akiwa ndani.

Chiriku akaipiga wakati wa chakula. Alikuwa amechoka kuona mikono ya wenzake. Kuna mama mmoja mle ndani, mpima uzito, kucha zake zilianza kunyanyuka kama vifuniko vya kopo. Akifunga karatasi zinabaki na alama ya majimaji, na karatasi hiyo ndiyo yenye picha ya mwanamke anayecheka. Chiriku alisema imetosha. Akabonyeza sifuri, akabonyeza na nyingine, na mara moja tu simu ikapokelewa.

"Ofisi ya Kazi, karibu mpenzi, nikusaidie nini?"

Akamwaga yote. Glavu, feni, kucha, mikono inayomenyuka kama viazi vya kuchemsha. Alipoulizwa jina akataja lake na la baba yake, na chumba anachofanyia kazi. Sauti ikamwambia pole sana mpenzi, tumekuandika. Chiriku akarudi kazini anapiga mluzi.

Asubuhi iliyofuata akaitwa kwa Meneja Utumishi. Meneja alikuwa ameegemea kiti, anatabasamu.

"Kumbe mikono yenu inamenyuka kama viazi vya kuchemsha?" akasema.

Maneno yale yale, mpaka viazi. Akamwambia amesimamishwa kwa kulichafua jina la kiwanda, na kesho yake baada ya chakula aje kwenye kikao. Na watu wote wanajua, kikao cha huyo meneja huendi kujitetea. Unakwenda kumwaga unga.

Jioni hiyo Mzee Kinyaa alikuwa kwa dada yake, kama kawaida yake, amekaa kwenye kiti chake kile kile alichokifuta mwenyewe. Chiriku hakulia. Alikuwa anazunguka mezani, mikono hewani.

"Ofisi ya Kazi wameniuza, Mjomba! Nimekata simu, mate hayajakauka mdomoni, wao wameshampigia meneja! Sasa mtu amwamini nani?"

"Si nilikuambia ufunge mdomo?" baba yake akasema bila kuinua macho. "Mdomo kama redio. Kila mtu anavumilia, wewe nani?"

"Baba watoto, mwache," dada akasema. "Kazi imeshamponyoka, unamwongezea nini tena?"

"Haijamponyoka," Mzee Kinyaa akasema. "Mtu aliyepeleka malalamiko Ofisi ya Kazi hafukuzwi mpaka yasikilizwe. Hiyo ni sheria, hata meneja anaijua. Kama wamemwandika, kesho hawamgusi." Hapo hapo akajishangaa mwenyewe. Meneja anaijua sheria, na bado ameita kikao kwa raha zake? "Hebu tulia, mwanangu. Huyo aliyepokea alikuwaje?"

"Mwanamke. Mpole huyo! Mpenzi huku, mpenzi kule. Halafu kuna cha kuchekesha, Mjomba: na wao wana king'ora kama chetu. Cha kwetu kimelia huku, cha kwao kikalia ndani ya simu, pamoja kabisa. Nikamuuliza, hata nyinyi mnarudishwa kazini kwa king'ora? Akacheka."

Kijiko cha Mzee Kinyaa kikasimama njiani. Ofisi ya Kazi iko upande wa pili wa mji, ghorofani, juu ya duka la viatu. Hakuna king'ora pale. Kuna kelele za cherehani za mafundi viatu na mtoto wa mtu anayelia ngazini, basi.

Akamtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa anakoroga chai. Hakuwa ameitia sukari, na sukari ilikuwa mbali, lakini anakoroga tu, anakoroga, jicho limezama kikombeni.

"Dada, nimeshiba," Mzee Kinyaa akasema na kusukuma sahani.

"Umeshiba nini? Hujala!"

"Nimeshiba."

Usingizi ulimpitia mbali. Asubuhi akafungua chumba cha mitambo kabla hata ya kutundika koti, akawasha skrini, akashuka na kanuni moja moja. Hazikuwa nyingi, na zote alizijua; nyingine aliziandika kwa mkono wake. Ya zimamoto, ipo. Ya sifuri halafu chochote, ipo. Na chini kabisa, peke yake, ikiwa imekaa kimya kimya kama kunguni kwenye mshono wa godoro: sifuri, tano, tano, mbili, mbili. Kamili. Mwelekeo wake haukuwa nje. Ulikuwa 217.

Mia mbili kumi na saba ni meza ya sekretari wa Meneja Utumishi. Mzee Kinyaa aliijua vizuri simu hiyo. Ilikuwa simu safi kuliko zote kiwandani, inanukia pipi za mnanaa, na kila alipokwenda kuifuta alimsifu yule sekretari kwa usafi wake. Lo! Aliufuta mkonga ule mara zote hizo, akiuandalia mdomo huo uwadanganye watu. Akatoka nje akatema mate kwenye maua ya kiwanda.

Shemeji alikuwa ofisini kwake, mlango wazi.

"Shemeji," Mzee Kinyaa akasema, "mbili moja saba imekuwa Ofisi ya Kazi tangu lini?"

Shemeji akainuka akafunga mlango. Akarudi akakaa. Akanyoosha karatasi ambazo tayari zilikuwa zimenyooka.

"Ni jambo la muda tu," akasema. "Meneja alitaka wasikie matatizo mapema, wayatatue humu humu ndani. Yasifike nje yakaleta maneno."

"Wakayatatua?"

"Wako kwenye mchakato."

"Mchakato! Wamemtatua mwanao!"

"Sasa mimi ningejuaje kama atapiga yeye?" Shemeji akapandisha sauti, kisha akaishusha haraka. "Wallahi sikujua. Ningejua..."

"Ungejua ungefanya nini? Niambie. Ungeifuta, au ungemwambia yeye asipige, waachwe wapige watoto wa wenzako?"

Shemeji akazinyoosha tena zile karatasi. Na jibu lilikuwa pale pale usoni, halina hata aibu ya kujificha. Mzee Kinyaa akaliona, na akatamani asingelikuwa ameuliza.

"Ifute," akamwambia. "Utupe jongoo na mti wake. Kanuni ikitoka, ile ya sifuri itaichukua simu yenyewe. Wakati wa chakula Chiriku anapiga upya, anaandikwa kweli, kikao kikija kiwakute wameshachelewa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shemeji. Naifuta sasa hivi."

Na kweli, katikati ya asubuhi simu ya karakana ikalia. "Tayari," shemeji akasema. "Namba inakwenda nje. Kaa na amani."

Mzee Kinyaa akashusha pumzi. Alimwonea shemeji hata huruma kidogo, huruma ya kweli, mtu akikosea akarekebisha utamfanyaje. Akachukua pamba na spiriti, akaenda mpaka simu ya ukutani aijaribu kabla mtoto hajaja. Akaifuta. Akainusa. Sifuri, tano, tano, mbili, mbili.

Kimya.

Haikuwa simu iliyokatika. Laini ilifunguka, aliisikia ikifunguka, halafu hakuna kitu. Kimya kile cha chumba kisichokaliwa, kisha ti-ti-ti ya laini ya nje. Akapiga tena. Kimya, ti-ti-ti. Akasimama na mkonga mkononi, kwa sababu kimya hicho alikuwa amekutana nacho mara moja tu maishani, mbele ya mkubwa wa zimamoto.

Alirudi chumba cha mitambo karibu anakimbia. Kanuni ilikuwepo. Haikufutwa. Ile 217 ndiyo iliyotolewa, pakawekwa laini ya nje, na ile amri ya kupeleka tarakimu zote haikuwepo. Namba kamili, bila nukta, bila amri. Ruta ilikuwa inaimeza Ofisi ya Kazi nzima na kupeleka hewa.

Safari hii hakubisha hodi.

"Atakula mpaka sahani!" alifoka. "Si wewe uliyesema? Si maneno yako hayo?"

"Ah, hiyo amri... nimesahau, shemeji. Mambo mengi."

"Wewe usahau? Wewe uliyetamba nayo wiki nzima? Kwenda huko! Mtu husahau alichojifunza jana. Hiyo uliigundua mwenyewe."

Shemeji akatazama mlango, akatazama dirisha. Halafu mabega yakamlegea, akasema kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, kama anayegawana siri na rafiki:

"Nielewe, bwana. Meneja akiniuliza, namwonyesha kanuni ipo. Wewe ukiniuliza, nakuonyesha inakwenda nje. Mtoto akipiga haipatikani. Simu mbovu, zipo simu mbovu duniani, nani alaumiwe? Hakuna. Kila mtu anabaki na chake. Chiriku ni kijana, kazi atapata nyingine. Mimi nikikitupa cheo hiki, nakipata wapi?"

Hiyo ndiyo iliyomchefua. Ile ya kwanza, ya kuambiwa na mkubwa ukaandika, ni woga, na woga kila mtu anao nyumbani kwake. Lakini hii ya pili mtu alikaa chini akaifikiria. Alitumia ufundi, ufundi mzuri, ule ule waliouchekea pamoja, akampimia mtoto wake mwenyewe kimya cha kumtosha. Na akapata hamu ya kuinua simu na kusema kaa na amani.

"Nimefungua mikonga mingi," Mzee Kinyaa akasema taratibu. "Sijawahi kufungua kitu kikanuka hivi."

"Shemeji, usinitukane ofisini kwangu."

"Kaa kwenye hiyo mashine. Andika nywila yako. Sasa ifute mbele yangu, au natoka hapa naenda kumwambia dada yangu kwa mdomo huu, na usiku wa leo utalala kwenye hii ofisi yako yenye funguo."

Shemeji akakaa. Akakosea nywila, akairudia. Kanuni ikatoka. Mzee Kinyaa akasoma orodha nzima mpaka chini kuhakikisha, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: akamshika mtu. Alimshika shemeji yake kwa upindo wa shati, kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya mfu chini ya kabati, akamwongoza koridoni.

"Wapi tena?"

"Kusikiliza simu."

King'ora cha chakula kilikuwa kimeshalia. Wanawake wa chumba cha kukatia walikuwa wamepanga foleni ukumbini na sahani zao, na Chiriku amekaa kwenye benchi chini ya maandishi mekundu, amevaa gauni la kutokea, anangoja kikao chake. Alipowaona akainuka.

"Mjomba. Baba. Mmekuja kunizika?"

"Ile simu yako haikufika Ofisi ya Kazi," Mzee Kinyaa akamwambia, kwa sauti ya kusikika na wote. "Hawakukuuza wale. Hawakujui. Iligeuzwa humu ndani, ikapelekwa kwa sekretari wa meneja. King'ora ulichosikia ni hiki hiki chetu."

Yule mama mpima uzito akashusha sahani yake.

"Ala!" mmoja akasema. "Yaani tunampigia meneja kumsema meneja?"

"Nani aliigeuza?" Chiriku akauliza.

Mzee Kinyaa hakutaka kumwondolea shemeji nafasi ya kusema mwenyewe. Alingoja, na wengine wakangoja, na shemeji akawa anaitazama sakafu kana kwamba kuna waya umepita chini yake.

"Baba?"

Wala hakuinua kichwa. Chiriku akamtazama muda, huyu mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na uso wake ukawa kama umefungwa kwa nje. Hakusema neno, yeye ambaye mdomo wake haujui likizo. Akageuka, akauchukua mkonga, akabonyeza sifuri, kisha namba, akaushika mbali kidogo na sikio ili wote wasikie. Simu ikaita. Ikaita sana. Ikaita mpaka mtu mmoja kwenye foleni akasema hii nayo imekufa.

"Ofisi ya Kazi, subiri!" sauti ya mwanamume ikabweka, na mkonga wa kule ukatupwa mezani, paa! Kikasikika kikohozi, cherehani, mtoto analia. Baada ya muda mrefu: "Eeh, sema. Haraka."

"Hao ndio wenyewe!" wanawake wakapiga kelele kwa furaha, na mmoja akapiga kigelegele na sahani mkononi.

Chiriku akasema yote tangu mwanzo. Yule bwana akamkatisha, akamuuliza tena, akamlaumu kwa kusema haraka, lakini alikuwa anaandika. Alirudia kila neno kwa sauti ya kuchoka, glavu, feni, kucha, kikao leo baada ya chakula. Akampa namba ya malalamiko. Akamwambia kikao hicho kisikae, na wakikaa wajue wamekaa juu ya moto. Kisha akaongeza:

"Sasa hiyo simu ya juzi. Unasema iligeuzwa. Aliigeuza nani? Hilo ni kosa peke yake."

Chiriku akaushusha mkonga kutoka sikioni, akamnyooshea baba yake.

"Baba. Wanakuuliza wewe."

Shemeji akaupokea. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Akaweka simu sikioni, na watu wote waliokuwa karibu waliisikia sauti ya yule bwana ikitoka humo, ndogo, yenye haraka: "Halo? Halo, nani mwenzangu?" Mzee Kinyaa akajikuta anamwombea. Sema, shemeji. Neno moja. Sema ni mimi, basi, tutakula meza moja tena. Mdomo wa shemeji ukafunguka. Macho yake yakapanda juu, kwenye kioo cha ofisi ya Meneja Utumishi, ambapo pazia lilikuwa limesogea.

Akaurudisha mkonga mahali pake, taratibu, kwa uangalifu wa fundi. Simu ikakatika. Akapita kati ya wanawake, nao wakampisha kwa kuvuta nguo zao wasimguse.

Mzee Kinyaa alibaki anautazama ule mkonga. Ulikuwa na alama ya vidole vitano, vya majimaji, vinang'aa.

"Mjomba," Chiriku akasema na kunyoosha mkono. "Nipe pamba."

Mzee Kinyaa akaitia spiriti mwenyewe, akampa. Chiriku akaufuta mkonga juu mpaka chini, akaufuta tena, kama alivyomwona mjomba wake akifanya tangu utotoni, akaitupa pamba ndani ya ndoo ya taka. Akabonyeza sifuri. Tano, tano. Mbili, mbili. Ikaita sana, ikapokelewa, akaambiwa subiri, akasubiri.

"Samahani, bwana," akasema. "Simu ilikatwa. Aliyeikata ni baba yangu, na ndiye aliyeigeuza. Andika yote mawili."